Hapa Lia Kidogo

Ukitaka kujua nilikuwa mwigizaji wa namna gani, anza na koti langu. Lilikuwa jeusi, refu, la mtumba, na nyuma lilikuwa na mikia miwili kama ya mbayuwayu. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa, marobota ya nguo za Ulaya yakimwagwa chini sokoni, na mimi katika soko zima nikachagua hilo. Nililivaa jukwaani. Nililivaa pia kwenda kununua mafuta ya taa, ili watu wasisahau mimi ni nani.

Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa mjini, mtaa wa Ngarenaro, katika ukumbi uliopakana na karakana ya kuchomelea vyuma. Humo nilikuwa mlevi, tapeli, au mume asiyefaa. Vijana huniuliza tuliwezaje kukariri maneno mengi vile. Hatukukariri, wanangu. Kiongozi alitusimulia hadithi, kisha kila mtu akajitafutia maneno yake mbele ya watu. Kwenye karatasi tuliandika maelekezo tu: ingia, simama, geuka, lia. Shikeni jambo hilo, maana ndilo lililoniponza.

Siku hizo nilikuwa nikimwandikia barua binti mmoja wa kijiji cha Oldonyo Sambu, huko juu mlimani, mwalimu wa shule ya msingi. Leo ni mke wangu, na kisa hiki hukisimulia vibaya kuliko mimi. Barua zilipitia sanduku la posta la usharika wao, zikagawiwa kanisani Jumapili baada ya mnada wa sadaka, mikungu ya ndizi na mayai vikishapata wanunuzi. Kwao barua ya mchumba haikuwa siri. Baba yake, ambaye macho yalikuwa yamepungua nguvu, alitaka asomewe, na binti alimsomea.

Mwingine angeona aibu. Mimi niliona watazamaji. Nikaanza kumwandikia binti maelekezo kwenye mabano: hapa tua, hapa pandisha sauti. Yeye, kwa akili zake, aliyaruka yote akasoma yaliyobaki. Nami nikadhani ni maelekezo yangu yanayofanya kazi.

Mzee alibakiwa na shaka moja, akamweleza mjomba wangu, aliyekuwa mshenga. "Kijana wako kulia ni kazi yake. Siku akimlilia binti yangu, nitajuaje kama analia kweli?" Akasema tupande Jumapili fulani tukapokee jibu.

Basi nikaandika barua ya kujitetea, kurasa nyingi, ifike mapema imlainishe mzee. Posta ikawa na mipango yake.

Jumapili hiyo tulikaa sebuleni kwao, mimi na mjomba, blanketi na sukari za posa mbele yetu. Mzee alinitazama nilipogeuka kutafuta kiti.

"Koti lako limechanika nyuma?"

"Hapana, baba. Ndivyo lilivyoshonwa."

"Pole sana."

Hapo akaingia mwinjilisti wa usharika, ametoka kanisani, ana bahasha mkononi. "Barua ya mwalimu. Imetoka mjini."

Nilikitambua kile kibahasha cha bluu: kilikuwa changu. Binti alikuwa jikoni. Siku ya kuposwa hakai na wageni.

"Aliyeiandika si huyu hapa?" mzee akasema. "Isomwe."

"Baba, labda tumsubiri mwalimu..." nikadakia.

"Mwinjilisti anasoma Biblia yote. Atashindwa na yako?"

Mwinjilisti hakuwahi kuruka neno maishani mwake. Akavaa miwani, akasimama.

"'Baba mheshimiwa, mimi ni mtu wa kweli. Hapa nyamaza, mtazame baba machoni.'"

Akanyamaza. Akamtazama mzee machoni. Mzee naye akamtazama.

"Endelea, mwinjilisti."

"'Sijawahi kumdanganya mtu. Shusha sauti.'" Akashusha sauti mpaka mjomba akasogeza kiti. "'Moyo wangu ni mweupe. Hapa lia kidogo. Usizidishe, koko asije akaogopa.'"

Koko ni bibi yake binti, mama mzazi wa mzee. Alikuwa pembeni, kwenye kigoda, na hakuonekana kuogopa chochote. Kutoka jikoni nilisikia sufuria ikianguka, halafu kicheko nilichokijua. Mjomba alikuwa anachunguza kiatu chake.

"Alie nani?" mzee akauliza.

"Binti yako, baba."

"Kwa sababu gani?"

"Ili barua... ikuingie."

"Na wewe ungekuwa wapi wakati binti yangu analia?"

"Mjini, baba."

Kichwani nilimwona binti akiolewa na mtu wa ng'ombe na mahindi, mwenye koti lililoshonwa vizuri. Macho yakajaa, pua ikafuata. Sikuwa na leso. Mwigizaji wa mjini, mwenye mikia miwili, nilijifuta kwa mkono wa koti.

Koko akanisogelea. "Wewe. Huko kwenye maigizo mkilia, kamasi nazo hutoka?"

"Hapana, koko. Machozi tu."

"Basi umesikia," akamwambia mwanawe.

Mzee akamgeukia mjomba. "Mimi niliogopa tapeli. Lakini ni tapeli gani anaandika utapeli wake, anaubandika stempu, halafu anautuma kanisani? Huyu hawezi kumdanganya hata kuku. Mwiteni binti."

Binti akaja anajifuta macho kwa kanga, na wala hakuwa analia. Akaulizwa kama ananitaka, akasema ndiyo. Kisha akamwomba mwinjilisti barua, akaisoma tena toka mwanzo, mabano yote ndani, akitua nilipomwambia atue. Alipofika pa kulia, alilia vizuri kuliko nilivyowahi kulia mimi jukwaani. Koko akampigia makofi.