Mwendo Wangu wa Ukapita

Nilipofanywa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, katika nyumba ya maziwa kule Kirolirwe, miaka michache baada ya uhuru, kitu cha kwanza nilichokataza ni kicheko. Nisidanganye: niliogopa. Mzungu aliyekuwa na kazi ile alikuwa amekwenda zake, na mimi, mzaliwa wa mlima wa jirani, nilikuwa nimekula maharage ya chungu kimoja na watu wale wale niliopaswa kuwaamrisha. Nikaona wakinizoea watanipanda kichwani.

Kinara wa kicheko alikuwa mzee aliyezungusha mashine ya kutoa krimu. Mpini wa mashine ile ulikuwa na kengele ndani yake. Mkono ukilegea inalia, na krimu inatoka nyepesi. Kwake haikulia kamwe. Alizungusha huku akiigiza watu: mchungaji anayebembeleza ng'ombe mkaidi, padri aliyekwama kwenye matope. Siku nilipomkuta akiniigiza mimi, nilipiga meza. Kuanzia leo, nikasema, hapa ni kazi tu.

Wakanitii, na hilo ndilo lililoniuma. Walikuja, wakaosha ndoo, wakarudi kwao bila neno. Kengele ikaanza kulia, kwanza mara moja moja, kisha asubuhi nzima. Baada ya majuma matatu yule mzee akanijia, kofia mkononi.

"Kapita, mi naenda. Nitalima maharagi kwetu."

"Juu ya nini, Papa? Mushahara?"

"Mushahara iko muzuri. Ni hii kunyamaza. Tunafanya kazi kama watu ya matanga, na hakuna mwenye alikufa."

Nilikasirika, tena sana. Lakini nilijua wa kuzungusha mpini ule ningempata, wa kuupenda nisingempata. Nikaamua simwachi aondoke, hata kama itanigharimu heshima yote niliyokuwa naitafuta. Nikawaita wote, wakatua ndoo chini.

"Papa, fanya ile yenye ulifanya siku ile. Uniige. Mi nasimama hapa."

Alisita. Nikarudia. Basi akaweka mikono nyuma, akatoa tumbo, akapita kati ya ndoo akizichungulia kama zimeiba kitu, akamnyooshea mtu kidole bila kumtazama usoni. Wenzake waliuma midomo. Mwendo ule niliujua. Kwa miaka sita nilisimama nyuma ya ndoo zile zile nikimtazama mzungu wetu akipita hivyo hivyo, na kila jioni nilirudi nyumbani nikimchukia.

"Ni mimi huyo?"

"Ndiyo, njo weye, Kapita."

Nikacheka, kwa aibu zaidi kuliko furaha, nao wakapasuka.

"Rudi kwa mashine, Papa," nikasema. "Na ucheke vile unapenda."

Nilitaka kumpa mkono. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mikono yangu yote miwili ilikuwa mgongoni.