Maji ya Biharusi

Mimi ni somo, yule mwanamke anayemfunda biharusi mambo ya chumbani. Nimewafunda wengi Mji Mkongwe, hata kuna vichochoro nikipita wanawake wanacheka chini chini. Sifa yangu kubwa ilikuwa maji yangu: karafuu, shabu na ndimu, vichemshwe, vichujwe, biharusi ajioshee ndani mpaka akaze. Vipimo nilirithi kwa bibi yangu na sikumgaia mtu.

Mwaka jana nikaanza kutoa shombo. Kwanza nilimsingizia samaki, yule changu niliyemnunua sokoni. Nikazidisha ndimu, shombo likaondoka siku mbili, likarudi na jamaa zake. Nikazidisha shabu, hali ikawa ile ile. Mwisho nikajifunika uso, nikaenda kituo cha afya Mbweni, mbali na wanaonijua.

Nesi niliyemkuta ni mwari wangu mwenyewe, niliyemfunda alipoolewa.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba," nikajibu, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Akanipima, akanieleza bila kucheka. "Ndani mna bakteria wazuri, ndio walinzi. Maji yako yanawaua, wabaya wanapata nafasi. Ntakupa vidonge, utapona. Lakini kuosha ndani basi. Nje, maji matupu yatosha."

Nikapandisha hasira. Nikamwambia bibi yangu alizaa tisa na hajanuka hata siku moja. Akaningoja nimalize.

"Shombo ni dogo, somo. Walinzi wakiondoka, ndani hudhoofika, na virusi vya Ukimwi hupata njia nyepesi. Mume akiwa navyo, mke wa hivyo yumo hatarini zaidi."

Akanipima na virusi pia. Sikuwa navyo. Hasira zikanitoka zote, ikaja hofu, kwa sababu Alhamisi ile nilikuwa na biharusi wa kumkabidhi chupa ya maji yale. Bwana harusi alikuwa anatembeza watalii Nungwi, kijana mchangamfu kupita kiasi, na kila akiambiwa akapime alikuwa na safari. Nilikuwa nakwenda kuyafungulia maradhi mlango wa mtoto wa watu kwa mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi nikaenda mikono mitupu. Biharusi amekaa mkekani, mama yake pembeni, naye nilimfunda mimi enzi zake na hadi siku ile chupa alikuwa anachukua kwangu.

"Maji yako wapi?" mama akauliza.

"Hamna maji. Binti yako na mumewe mtarajiwa wakapime kwanza. Mume asipopima, avae kondomu. Asipotaka yote mawili, harusi isubiri."

Biharusi akatabasamu, kumbe aliogopa kulisema yeye. Nikawaeleza habari ya walinzi kama nilivyoelezwa, nikakiri kwamba nilikosea.

"Mie miaka yote hii nnanuka," mama akasema. "Nkidhani mchafu ni mie. Kila nkinuka, nnakuja kwako unipe nyengine."

Nilikumbuka kila mara aliyobisha hodi kwangu, na mimi nikijiona hodari. Nikamwomba radhi. Nilimwambia vidonge vipo, aende kituoni na binti yake kesho.

"Mume wa binti ndiye wa kupimwa virusi," akasema. "Mie nimeolewa siku nyingi. Baba watoto alikuwa baharia, kila mwezi bandari nyengine."

Akanitazama.

"Na mie pia?"

"Na wewe pia," nikamwambia, na kwa aibu nikashindwa kumtazama usoni.