Reli ya Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ikipata joto hutoa harufu ya vumbi na plastiki. Nikiinusa ofisini, namwona mama kwa kina rafiki yangu wa darasa, kule mtaa wa Olympic, amesimama mlangoni na amekataa kuketi.

Rafiki yangu alikuwa na gemu ya kujenga mji. Reli nilichora mimi, kwa sababu niliishi kando ya reli. Niliipinda vile ya kwetu inapinda, nikaweka daraja juu ya mto. Lakini ikifika kwa nyumba, gemu ilikataa. Ilibidi ufinye picha ya tingatinga kwanza, nyumba zipotee.

Jioni nikamsimulia mama, nikijisifu. Alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya reli, mtaani kwetu Kisumu Ndogo. Akaacha kupima.

"Babake huyo mtoto anafanya kazi gani?"

"Sijui. Ana ramani nyingi."

Kesho yake akaja kujionea. Rafiki yangu akafinya, nyumba zikaisha, reli ikapita kwa udongo mtupu.

"Hao watu wameenda wapi?"

"Hakuna watu, anti. Ni gemu tu."

"Basi warudishe."

Alijaribu. Hawakurudi.

Babake rafiki yangu akatokea, akamkaribisha mama chai. Mama akaangalia viatu vya huyo baba, vilivyojaa matope kama ya kwetu kando ya reli, akasema ameshiba.

Asubuhi aligeuza meza yake ya omena. Siku zote ilikuwa imeangalia reli, ili aone treni ikija. Sasa iliangalia Olympic, kwa yule mwenye ramani, na treni ikawa inampitia mgongoni.