Farasi Sita na Unga wa Harusi

Nakumbuka siku moja ya kusi, mwanangu, ambayo nikiiwaza hucheka peke yangu hadi mama yako akaniuliza nina nini. Siku hiyo nilijitia ufundi, nusura nimkose yeye mwenyewe. Nakuhadithia kwa sababu nimesikia unataka kulifungua lori lako la dizeli, uongeze mafuta yanayoingia, lipande mlima wa Kaloleni na shehena ya nazi bila kutweta. Sikukatazi. Keti kwanza, unywe chai yako, unisikilize.

Ilikuwa kabla ya vita vya Mjarumani. Hapa Malindi kulikuwa na injini moja ya kusagia nafaka, ya tajiri mmoja wa Kihindi, na mimi ndiye niliyeiendesha, kijana wa miaka ishirini, kofia upande. Ilitumia mafuta ya taa, na ubavuni ilikuwa na kibati kilichosema ina nguvu za farasi sita. Aliyenifundisha kazi ni Mistri Ramji, fundi mzee wa Kihindi, wa maneno machache na Kiswahili cha kuungaunga.

Mama yako nilikuwa nimekwisha kumposa, nikakubaliwa kwa shida. Nyanya yako, Bi Mwanashee, hakumtaka mwanamume anayenuka mafuta. Ikafika wiki ya harusi, iliyopangwa Alhamisi. Unajua desturi yetu, mchele wa mikate ya harusi hutwangwa na wanawake uani, kwa nyimbo, kutwa nzima. Mimi kwa kupenda sifa nikapeleka salamu: safari hii mtu asitoke jasho, leteni mchele wote kwangu asubuhi, na adhuhuri isiingie ila unga uko tayari. Bi Mwanashee alijibu neno moja tu, "Tutaona."

Injini ilizungusha mawe mawili ya kusagia, moja kwa zamu, na jiwe moja lisingemaliza mchele ule kabla ya adhuhuri. Yalihitajika yote mawili pamoja, na farasi wangu sita hawakuyaweza. Mistri Ramji alikuwa Kilifi. Sikumngoja. Nilifungua kile kitundu kinachopulizia mafuta, nikampelekea sonara anayetoboa vipuli, nikamwambia akipanue. Nilijiambia, mafuta zaidi, farasi zaidi. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Asubuhi wanawake wakaja wakiimba, vikapu kichwani, Bi Mwanashee mbele. Nikafunga mikanda yote miwili ya kuzungushia mawe. Injini ikanguruma, mawe yote mawili yakazunguka, vigelegele vikapigwa. Raha hiyo haikudumu. Injini ilianza kukohoa, dohani ikatema moshi mweusi, na upepo wa kusi ukaurudisha wote ndani kupitia dirishani. Masizi yakatua juu ya unga tulioutandaza mikekani. Kisha injini ikazima, na vigelegele navyo.

Bi Mwanashee akachota unga, akanionyesha kiganja.

"Huu wa harusi, au wa matanga?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Basi harusi isimame kwanza," akasema.

Wakati huohuo Mistri Ramji akaingia, ametoka Kilifi na vumbi lake miguuni. Moshi aliuona tangu barabarani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mistri," naye akanipita kuiendea injini. Aliifungua, akakitazama kile kitundu.

"Nani ametoboa?"

Sonara angenifaa sana hapo, mwanangu. Jina lake lilikuwa mdomoni. Lakini nikasema, "Ni mimi. Sonara nilimtuma tu."

"Chakula umempa cha farasi kumi," akasema polepole. "Pumzi umemwongeza? Mafuta bila hewa haiungui. Ndiyo hiyo," akaonyesha unga. "Na hata ungempa hewa, kifua chake ya farasi sita. Ingepasuka, na wewe umesimama hapo." Kisha akamgeukia Bi Mwanashee. "Mama, mchele imebaki?"

Nusu ya vikapu vilikuwa havijaguswa.

"Basi atatwanga yeye," akasema Mistri, akininyooshea kidole.

Nilitwanga, mwanangu. Uani kwa wakwe, katikati ya wanawake, nao wakinitungia nyimbo ambazo siwezi kukuimbia wewe. Nyuma ya mlango nilisikia mtu akicheka hadi akakosa pumzi. Ndiye mama yako. Alasiri, viganja vyangu vimetoka malengelenge, Bi Mwanashee aliniletea maji kwa mkono wake. "Fundi wewe si fundi," akasema. "Lakini hukumsingizia mtu. Harusi ni Alhamisi ileile."

Basi nisikilize. Kabla ya kuliongezea lori mafuta, uliza kwanza litavuta hewa wapi, na kama chuma chake kitastahimili, na breki zake zitaushika mzigo huo mkiteremka. Muulize anayelijua, hata kama ni kumngoja arudi kutoka Kilifi. Usiahidi watu nguvu ambayo hujaijaribu. Ukiharibu, sema ni wewe, hapohapo.

Mungu akupandishe mlima salama, akuteremshe salama, na aliye nyuma ya mlango akucheke kwa mapenzi. Mimi bado nachekwa. Hadi leo unga ukiingia nyumba hii, mama yako huchota kidogo, akaunusa, kisha akanitazama.