Samaki wa Mlinzi

Chumba nilichopanga katika mji wa Kifaransa wa La Rochelle kilikuwa nyuma ya saluni ya mama mmoja Mkongo aliyekulia Kalemie. Mchana nilishinda salunini, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na intaneti, na huko ndiko kulikokuwa na maneno. Niliacha shule kidato cha pili, nikatoka Tanga, nikapita miji mingi nikifanya kazi zozote, na kila nilipofika nilitaka kujua mambo ya hapo yanaendaje. Kipindi kile, kilichonikamata kilikuwa mchezo wa kwenye simu.

Ulikuwa na mji, soko na mto, na watu wa kila nchi waliucheza pamoja. Ukivua samaki unapata dhahabu ya mchezo, na kwa dhahabu hiyo unanunua vitu sokoni. Tatizo ni kwamba kulikuwa na watu walioiuza dhahabu hiyo nje ya mchezo kwa pesa halisi, jambo ambalo sheria za mchezo zimelikataza. Wenyewe hawavui. Wanaweka roboti, yaani programu inayovua badala ya mtu, bila kula wala kulala. Roboti zikijaa mtoni, bei za sokoni zinapanda hadi mchezaji mgeni anashindwa kununua hata ndoana.

Nilijitolea kuzisaka na kuziripoti. Nilizijua kwa mwendo: inatupa, inavuta, inatupa, inavuta, daima kwa mapigo yaleyale, na ukiisalimia haijibu. Muuzaji mmoja nilizoeana naye mpaka akanieleza namna anavyopanga roboti zake. Nilimshukuru, kisha nikamripoti. Alirudi na akaunti mpya akaniandikia, “Wewe kaka huna utu,” na siku ile nilicheka peke yangu hadi wateja wakaniuliza kulikoni.

Yule mama naye alicheza, na sababu yake ilikuwa moja tu: kaka yake aliyebaki Lubumbashi. Kwenye simu yule kaka alisema “tuko wazima” halafu akanyamaza, wakabaki wanasikilizana pumzi. Mtoni mambo yalikuwa tofauti. Walikaa bega kwa bega kama walivyokaa utotoni ufukweni Kalemie, wakavua, na katikati ya samaki na samaki kaka akaandika habari za mke wake, mguu wake, paa lake linalovuja. Walijenga hata kibanda kando ya mto.

Mama alicheza huku anasuka. Simu aliiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele, mbele ya kioo. Akimaliza rasta moja, anagusa simu kwa kifundo cha kidole, ndoana inatupwa. Rasta ya pili, anagusa, samaki anatoka. Mikono yake ilikuwa imeshazoea kazi kiasi kwamba rasta zote zilichukua muda uleule. Na kila mchezaji mgeni aliyeandika Kiswahili, Mama alimgawia dhahabu.

“Mugeni anakuya kwako, unamuacha mikono mitupu?” aliniuliza siku nilipomkanya.

Asubuhi moja simu ilikataa kumwingiza. Alinipa nimsomee ujumbe.

“Banasema nini?”

“Wamekufungia, Mama. Wanasema wewe ni roboti, na unauza dhahabu.”

Mteja aliyekuwa kitini, binti wa Dar, aliangua kicheko. “Eish! Ndiyo maana huchoki!”

Mama hakucheka. “Na kaka yangu? Anaingia, ananikosa, atafikiri nini?”

Niliandika rufaa kwa Kiingereza changu cha kuokotaokota. Jibu lilikuja: watamfungulia kwa muda, na mlinzi wa mchezo atakuja mtoni kuzungumza naye. Asipojibu kama mtu, akaunti inafutwa, kibanda na vyote. Nilimsihi asisuke siku ile.

“Huyu ana harusi,” alisema, akazamisha vidole kwenye nywele za bibi harusi.

Mlinzi alifika amevaa joho jeupe. Mchezo wenyewe ulikuwa unatafsiri maneno. “Habari. Upo hapo?”

Mama akaendelea na rasta yake.

“Mama, jibu! Wasiojibu ndio roboti!” Nilinyoosha mkono kuelekea simu.

“Acha. Bamekuya kuniona miye, si weye.”

Alifunga rasta hadi ncha, akapangusa mafuta kwenye aproni, kisha akaandika taratibu: Yambo. Safari yako ilikuwa salama? Umekula? Uko na watoto? Mbona uko mwenyewe?

Mlinzi alijibu kwamba hajala. Halafu akauliza kwa nini huwapa dhahabu watu wasiompa chochote.

“Ni bageni, bamefika,” aliandika Mama. Na kabla sijamzuia, akamkabidhi samaki mkubwa kuliko wote aliokuwa nao.

“Mama! Huyo ni askari! Ataona ni rushwa!”

“Si amesema hajakula?”

Bibi harusi alikuwa akicheka mpaka rasta zinatikisika. Mlinzi aliandika kwamba haruhusiwi kupokea zawadi, amchukue samaki wake. Mama akaandika kwamba chakula cha mgeni hakirudishwi. Basi yule mwenye joho jeupe akamweka samaki kwenye majani, akamshukuru, akaondoka.

Jioni hiyohiyo kizuizi kiliondolewa, pamoja na onyo: asigawe tena dhahabu kwa asiowajua. Alilitii onyo lile. Tangu hapo wageni walipewa samaki.

Kaka alimkuta pale kibandani.

“Ulikuwa wapi?”

“Balitaka kujua kama niko mutu.”

“Na bameona?”

“Bameona.”

“Basi tupa,” kaka aliandika, “samaki banapita.”

Mama akashika rasta nyingine.