Tuta Tulilolibeba kwa Makarai

Malori ya miwa yalianza kupita kwetu Budondo, nje kidogo ya Jinja, pale mizani ilipowekwa kwenye barabara kuu. Dereva aliyejaza kupita kiasi haipendi mizani. Wakatafuta njia ya panya, na njia ya panya ikawa sisi: barabara nyembamba ya udongo mwekundu, shule upande mmoja, nyumba zetu upande wa pili. Walipita kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Miwa iliyochomoza ubavuni ilipasua majani ya migomba yetu, na kuta za nyumba zikaanza kupata nyufa. Mimi huuza chapati kando ya barabara hiyo, na siku zile nilikuwa nauza vumbi lenye chapati ndani.

Si kwamba naogopa malori. Nilizaliwa upande wa Kenya, nikaolewa Mbale, na miaka yangu yote ya ndoa niliishi karibu na barabara ambayo matrela hupita usiku na mchana. Lakini ile ni lami, na watu wa pale wameizoea. Mume wangu alipofariki, binti yangu anayefanya kazi kiwandani Jinja, na anayeishi chumba kimoja kule Walukuba, alinipangia nyumba Budondo ili nimlelee mtoto wake. Ndivyo nilivyojikuta na mjukuu wa kike wa darasa la pili ambaye kila asubuhi ilimbidi avuke mbele ya malori yale. Nikaanza kumwota amekufa. Nilikuwa naamka nampapasa kitandani kujua kama anapumua.

Jirani yangu, tuliyetenganishwa naye na ukuta tu, alikuwa na binti wa umri huo huo. Ni Msoga, mwenyeji wa hapa, mjane kama mimi, mtu mkimya anayelima mahindi nyuma ya nyumba zetu. Watoto walikwenda shule wameshikana mikono, nasi tulisimama mlangoni tukiwatazama mpaka wavuke. Yeye Kiswahili alikiokota sokoni, mimi Kisoga kilinishinda, lakini hofu yetu ilikuwa moja na haikuhitaji mkalimani. Aliniita munange, maana yake rafiki yangu, na nilikuwa rafiki yake kweli.

Siku mzee mmoja alipogongwa akiwa kwenye baiskeli, akafa papo hapo, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Wakanichagua mimi nikaseme na polisi na madereva. Nilicheka mbele yao. Watu hawa hawa walikuwa wakinitania kila siku kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi, na sasa, kwa kuwa walitaka kusema na askari, Kiswahili changu kimegeuka dhahabu. Hata hivyo nilikwenda.

"Afande, tunaomba matuta," nilimwambia mkuu wa kituo.

"Mama, ile barabara iko ya gavumenti. Tuta inataka injinia. Wewe andika barua, ngoja."

"Tumeandika. Na mzee tumeshamzika."

"Basi ngoja."

Mimi kungoja sijui. Niliporudi niliwaambia wanawake kwamba injinia atakuja siku watoto wetu watakapokuwa wamekwisha, na kesho yake tukatoka na makarai. Tulibeba udongo wa kichuguu kichwani, tukabeba matofali yaliyovunjika, tukamwaga maji na kushindilia kwa miguu tukiimba nyimbo za harusi, maana hizo ndizo tulizozijua wote. Jirani yangu alibeba kuliko sisi sote. Hakuimba, alikwenda na kurudi tu, jasho likimtiririka, na tulipomwambia apumzike alitikisa kichwa akaenda kuchota karai jingine. Jua liliposhuka tulikuwa na tuta nene mbele ya kibanda changu, refu kutoka mtaro mpaka mtaro.

Afande alikuja amekasirika.

"Nyinyi wanawake nani alipa nyinyi ruhusa? Hii tuta mtatoa leo."

Tukakaa juu yake. Mimi nilileta jiko langu nikakaanga chapati pale pale katikati ya barabara, na malori yakasimama foleni yakipiga honi. Afande alisimama, akatutazama, akayatazama malori, na nadhani mawazo yake yakabadilika, kwa sababu hakuna askari anayechukia mahali ambapo lori linasimama lenyewe. Akaondoka. Tuta likabaki.

Na malori yalipunguza mwendo kweli. Sitaki mtu aje aniambie hayakupunguza. Yalikuja yakinguruma, yakafika pale, yakapanda kwa shida kama mtu mnene anayepanda ngazi, yakashuka. Mjukuu wangu alivuka asubuhi, akavuka jioni. Nikaacha kumwota. Mwenyekiti alisema hadharani kwamba wanawake wa kijiji hiki ni wanaume, nikamjibu kwamba sisi ni wanawake na hao wanaume tungependa kuwaona siku moja. Watu walicheka sana.

Hatukujua kwamba lori linalokwenda polepole lina hatari yake. Lilipopanda tuta lilitikisika, na mua mmoja au miwili ikaanguka. Watoto wakaokota. Nani atamkataza mtoto kuokota mua ulioanguka barabarani? Tulitafuna nao, mimi na jirani yangu, tumekaa kwenye benchi, tukitema makapi na kusema kwamba hatimaye kiwanda cha sukari kimetulipa vumbi letu. Kisha watoto wakaona kwamba hakuna haja ya kungoja uanguke. Lori likiwa juu ya tuta, mtu anaweza kulikimbilia kwa nyuma, akashika mua uliochomoza, akauvuta. Madereva walitukana, wasaidizi wao walirusha mabonge ya udongo, na watoto waliona huo ni mchezo mwingine. Tuliwafokea. Nilimchapa wangu, jirani akamchapa wake. Walikaa vizuri siku chache.

Siku ile ilikuwa baada ya shule. Mimi nilikuwa kwenye kibanda nakanda unga, jirani yangu yuko shambani kwake anapalilia. Lori lilikuja limejazwa mpaka minyororo inalia. Magurudumu ya mbele yakavuka, ya nyuma yakapanda nusu, injini ikakosa nguvu. Binti wa jirani alikuwa ameshika mua kwa mikono miwili na kuuvuta kwa uzito wake wote. Mua ule ukatoka kirahisi kuliko alivyodhani, akaanguka chali. Wakati huo huo lori likarudi nyuma. Halikurudi kwa kasi. Lilirudi taratibu, kama mtu anayerudi kitini, na mtoto akamwita mama yake.

Mama yake akaitika. Alidhani anaitwa tu, kama watoto wanavyoita. Nilimsikia kutoka kwenye mahindi akisema kwa Kisoga kwamba anakuja.

Mengine sitayaandika. Dereva alirukia upande wa pili akatokomea kwenye mashamba ya miwa, na ni bora kwake, maana watu walikuwa na mawe. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kando ya barabara ameshika mkoba wa shule wa mwenzake. Mpaka leo hali mua, hata ukimmenyea.

Baada ya maziko wanaume walikuja na majembe. Walisema tuta ndilo lililoua. Hao ambao hatukuwaona siku ya makarai wote walikuwepo, na mwenyekiti mbele. Nikapanda juu ya tuta nikasimama.

"Tuta halina magurudumu!" niliwafokea. "Mnataka malori yarudi kukimbia? Mmesahau? Heri nusu shari kuliko shari kamili. Leteni mtu mzima asimame hapa watoto wakitoka shule, lakini tuta liacheni!"

Nilikuwa na haki, na bado naamini hivyo. Nyuma yao malori matatu yalikuwa yameshasimama, injini zimezimwa, madereva wameegemea milango wakitutazama. Hakuna mwanamume aliyethubutu kunisogelea. Nilijua nikikaa pale mpaka jioni watachoka waende zao, kama afande alivyochoka.

Ndipo jirani yangu akaja. Alikuwa na kitambaa cha msiba kiunoni na jembe lake la kupalilia mahindi. Watu wakampisha. Akasimama mbele yangu, na hakuniangalia usoni.

"Munange, toka hapo."

"Mama, mjukuu wangu anavuka hapa. Watoto wote wanavuka hapa. Unajua."

"Najua. Lakini mimi nalala karibu na hii tuta. Kila lori ikifika hapa inapunguza, inalia, na mimi nasikia yeye ananiita. Halafu naitika. Kila siku naitika, munange. Toka."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikuwa na jibu, tena jibu la kweli, na nilimwona mjukuu wangu amesimama mlangoni na sare yake. Nikashuka.

Alipiga jembe la kwanza, likagonga tofali likaruka. Akapiga tena. Tuta lile tulilishindilia vizuri, halikutaka kuvunjika, na wale wanaume waliokuja na majembe walisimama wakimtazama mwanamke mmoja akihangaika. Sikuweza kuvumilia. Nikamnyang'anya mwenyekiti jembe lake, nikainama kando ya jirani yangu, tukalima pamoja, mimi nikilia na yeye halii, mpaka pakawa sawasawa na barabara.

Tulipopisha kando, dereva wa lori la kwanza aliwasha injini. Alipotupita alitoa mkono dirishani akatupungia, kutushukuru, kisha akaongeza mwendo.