Taya la Ruguru

Kazi ya Ruguru ni kunyoosha nyuso za watu. Yuko kwenye studio ndogo ya picha za pasipoti mjini Embu, karibu na ofisi za kaunti, na kutwa nzima anashika videvu vya wageni. "Geuka kulia kidogo. Hapo hapo. Usipumue." Watu wanatii, kisha wanamtazama yeye, na shida huanzia hapo.

Taya lake limeenda kushoto. Mfupa wa kulia ulikua, wa kushoto ukachoka njiani. Ndivyo daktari alivyoeleza, ila kwa maneno marefu zaidi. Meno hayakutani, kwa hiyo maharagwe ya githeri huyameza mazima mazima, na jioni sikio linamuuma. Mjini wanadhani ameweka shavuni muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Mzee mmoja aliyekuja kupigwa picha ya leseni alimkunjulia kiganja kwa adabu zote akasema, "Nigawie hata mimi, mama." Ruguru hajawahi kutia jani la muguka mdomoni. Alimpiga picha mzee huyo macho yakiwa yamefumbwa, akamchapishia hivyo hivyo.

Mwaka mzima na ushee alivaa waya za meno. Baba yake, Ndambiri, mkulima wa kahawa, alidhani matibabu ndiyo hayo, akasimama kanisani akatoa shukrani. Kumbe waya zilikuwa za kupanga meno tu. Sasa daktari alitaka jibu kufikia Jumatatu: taya likatwe, lisogezwe, lifungwe kwa vyuma. Angekunywa uji kwa wiki kadhaa, na huenda mdomo wa chini ungekufa ganzi usipone.

"Si lazima," daktari alimwambia. "Bila upasuaji utaishi tu. Uamuzi ni wako."

Ruguru alitamani alazimishwe.

Jumamosi akaenda nyumbani kumwambia baba. Na hapa lazima uelewe jambo. Ruguru ni binti wa kwanza, kwa hiyo alipewa jina la mamake Ndambiri, na tangu siku hiyo Ndambiri humwita Mama. Hatanii. Hajawahi kumchapa, nani huchapa mama yake? Na yule nyanya marehemu, wote waliomjua wanasema, alikuwa na taya hili hili, limeenda kushoto hivi hivi. Picha hakuacha. Kitambulisho chake kililiwa na mchwa.

"Hapana," Ndambiri alisema. "Mama hakatwi."

"Baba, mimi ndiye ninayetafuna."

"Hata yeye alitafuna na hilo hilo. Hakulalamika hata siku moja."

Chakula kikaletwa, githeri ya mahindi na maharagwe. Ruguru, kama kawaida yake, akaokota maharagwe moja moja na kusukuma mahindi pembeni ya sahani. Ndambiri akaacha kula, akaitazama ile sahani kwa muda mrefu.

"Na yeye alikuwa anaacha mahindi," akasema. "Alituambia ni ya watoto. Tuliyapigania kweli kweli." Akaweka kijiko chini. "Mimi nilijua ananipenda. Kumbe alikuwa anaumwa."

"Labda alikupenda pia."

Mzee alimaliza githeri yake, akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Jumatatu asubuhi Ruguru alikuwa bado hajampigia daktari. Alimkuta Ndambiri mlangoni mwa studio, amevaa koti la kanisani.

"Picha ya pasipoti, Baba?"

"Sio yangu. Yako. Keti hapo, unionyeshe pa kubonyeza."

Akamwonyesha, akaketi kwenye kile kiti ambacho huwakalisha wengine. Kichwa kikaenda upande chenyewe, kama alivyokizoesha tangu shule, ili taya lifichike.

"Nyoosha," Ndambiri akasema. "Nataka taya lionekane lote."

Ruguru akanyoosha kichwa. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimkasirisha, lakini hakusogea. Ndambiri akabonyeza. Kisha akainamia kile kioo kidogo cha kamera, akafuta macho kwa mkono wa koti, akatazama tena.

"Ndiye," akasema. "Nichapishie kubwa, ya kutundika ukutani."

"Na mimi nimwambie nini daktari?"

"Mama nimeshampata, nitarudi naye nyumbani." Alikuwa bado anaitazama picha. "Wewe enda ukatengenezwe, Ruguru."

Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akilitamka jina hilo. Akaigeukia printa ili baba asimwone akilia, na picha ilipomaliza kutoka, akampigia daktari.